Maji ya kanjo, ya filta au ya RO: yapi ya kubadilishia tangi la samaki Nairobi?

Konokono ndiye aliyetangulia kuniambia. Ganda lake la kahawia lilianza kuchubuka kileleni, likabaki na madoa meupe kama chaki. Gapi walikuwa bado wanaogelea, ila wameyabana mapezi mwilini kama mtu aliyejikunyata ndani ya sweta asubuhi ya Julai. Maji yenyewe yalikuwa maangavu ajabu, kila kokoto unaiona. Kwa wiki sita nilikuwa nikibadilisha maji ya tangi kwa yale yale tunayokunywa nyumbani, ya mashine ya RO (ile inayochuja kwa utando na kuondoa karibu kila kilichoyeyuka) iliyo chini ya sinki. Nilijiambia kwamba kinachomfaa mtoto wangu hakiwezi kumdhuru samaki wa sentimita tatu.

Nikapima. pH, kipimo cha asidi ya maji, ilikuwa kwenye rangi ya mwisho ya kipimo, 6.0, maana yake huenda ilikuwa imeshuka hata zaidi ya hapo. KH, yaani ule ugumu wa kaboneti unaozuia pH kuyumba, ilikuwa karibu sufuri: tone la kwanza tu la dawa, maji yakageuka njano.

Hapo nikafanya kosa la pili, na hilo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Nilikimbilia ploti ya jirani yenye kisima, nikarudi na mitungi miwili ya maji ya chumvichumvi, nikabadilisha nusu ya tangi kwa mkupuo mmoja. Kulipopambazuka nilikuwa na gapi saba juu ya maji.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni hiki. pH ikishuka chini ya 6, bakteria wanaokula uchafu wa samaki hupunguza kazi sana. Uchafu hujikusanya, lakini kwenye maji ya asidi unakuwa katika hali ya amoniamu, ambayo haina sumu kali. Ukimwaga maji ya kisima yenye pH ya 8, ile amoniamu hugeuka amonia, na amonia huchoma matamvua. Kwa hiyo sumu iliwekwa pale pole pole na maji ya RO. Mimi na mtungi wangu tuliiwasha tu. Dawa ingekuwa kubadilisha kidogo kidogo, asilimia 10 kila siku, hadi pH ipande taratibu.

Tangu hapo kila mtu mwenye tangi akiniuliza, "Maji ya filta ya nyumbani si ndiyo bora?" mimi humrudishia swali: filta yako inatoa nini? Maana neno moja "filta" hapa Nairobi linabeba vyombo vinne visivyofanana hata kidogo.

Filta nne, kazi nne

Kuna ile ya ndoo mbili zenye mishumaa ya seramiki, anayoipenda kila shangazi. Mshumaa mtupu huzuia vijidudu na tope. Klorini iliyoyeyuka na madini hupita kama kawaida. Kwa samaki, maji yake ni maji ya mfereji yaliyooshwa uso. Mishumaa mingine ina makaa ndani, na hiyo inapunguza klorini. Soma maandishi ya boksi kabla hujaamini.

Kuna filta ya makaa, ile ya silinda inayofungwa kwenye bomba la jikoni. Hii ndiyo rafiki wa mfugaji wa samaki. Makaa hunyonya klorini, harufu na baadhi ya kemikali, halafu huacha madini mahali pake. Ubaya wake ni kwamba makaa huchoka, na yakichoka hayapigi kelele. Maji yanaendelea kutoka maangavu vilevile huku klorini ikipita. Tena yanahitaji muda wa kugusana na maji: ukifungua bomba lote kwa pupa ujaze ndoo haraka, unayapunguzia nafasi ya kufanya kazi. Fungua nusu, kaa hapo na simu yako.

Jagi la filta la kuweka kwenye friji watu huliweka kundi moja na hiyo ya makaa, na ndipo wanapokosea. Majagi mengi yana punje za resini zilizochanganywa na makaa, na punje hizo hupunguza ugumu wa kaboneti na kushusha pH, ili birika lisiote magamba. Kwenye maji laini ya Nairobi, hicho kidogo kilichopo ndicho kinachoondolewa. Na jagi la lita mbili kwa tangi la lita mia moja ni adhabu kwa mikono.

Halafu RO. Ndani yake kuna utando ambao maji husukumwa kupita kwa nguvu, na hubakisha nyuma kati ya asilimia 90 na 98 ya vyote vilivyoyeyuka: chumvi, kalisi, floraidi, nitrati. Mashine nyingi za nyumbani hutupa lita tatu hivi kwa kila lita moja safi inayotoka. Ikiwa unabadilisha lita 15 kwa wiki, lita 45 zinaenda kwenye bomba la maji machafu, katika jiji hili la mgao. Mimi huyakinga kwenye ndoo. Yanapiga deki vizuri tu. Kuna mashine zenye katriji ya mwisho ya "alkaline". Hiyo hurudisha madini machache na kupandisha pH kidogo, lakini kiasi chake hubadilika katriji inavyozeeka, kwa hiyo usiihesabu kuwa ni kinga ya tangi.

Taa ya UV, kama iko kwenye mashine yako, huua vijidudu basi. Haigusi madini.

Lakini maji yenyewe ya Nairobi yakoje kabla ya filta?

Hapa ndipo ushauri mwingi wa mitandaoni unapotupoteza. Mzungu anayeandika kutoka London anaishi juu ya mawe ya chaki. Maji yake ni magumu, birika lake limejaa magamba, na RO kwake ni ukombozi. Sisi maji yetu mengi ya kanjo, yaani ya bomba la jiji, hutoka safu za Nyandarua: bwawa la Ndakaini lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, Sasumua, na Ruiru, huku chemchemi za Kikuyu zikichangia tangu zama za ukoloni. Ni maji ya mvua na mito ya milimani, hayajakaa na mawe kwa muda mrefu. Ni laini. Angalia birika lako: kama unatumia maji ya kanjo pekee, magamba ni machache au hakuna.

Nina kalamu ya TDS, inayopima jumla ya vilivyoyeyuka kwenye maji, niliyoinunua Luthuli Avenue. Bombani kwetu Donholm, siku ya maji ya kanjo, husoma kati ya 60 na 90. Maji ya RO yetu husoma 8. Ukiangalia tarakimu tu utasema RO yameshinda. Lakini hizo 60 ndizo chakula cha ganda la konokono na ndizo breki ya pH. Na kalamu haijui klorini, wala haikuambii kama hizo chembe ni kalisi au ni chumvi. Ni kama mizani ya duka: inasema kilo ngapi, haisemi ni unga au ni mchanga.

Kisima ni hadithi nyingine. Maji ya chini ya Nairobi hupita kwenye mawe ya volkano na hutoka na bikaboneti nyingi ya sodiamu, na mara nyingi floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachokubaliwa kwa kunywa. KH yake ni ya juu, lakini kalisi na magnesi ni kidogo. Ndiyo maana unaoga na sabuni inatoa povu zuri, ilhali chai ina ladha ya ajabu. Yale niliyochota kwa jirani yalisoma zaidi ya 400.

Sasa ongeza tatizo letu la kweli: fleti nyingi huchanganya. Jumatatu tangi la paani limejaa kanjo, Alhamisi kanjo haijaja na msimamizi wa ploti amefungulia kisima, Jumamosi lori limeleta maji ambayo hata dereva hasemi yametoka wapi. Bomba ni lile lile. Samaki wako hupata maji ya mito mitatu tofauti kwa wiki moja bila kuhama. Kwa hiyo kabla ya kubishania filta, pima maji ya bomba kila unapotaka kubadilisha. Sekunde kumi zinatosha.

Yakiwekwa ubavu kwa ubavu

*Klorini.* Maji ya kanjo yanayo, na lazima iondolewe kwa sababu huunguza matamvua na kuua bakteria wa kwenye sponji ya filta ya tangi. Makaa mazima huiondoa. RO pia huiondoa, kwa kuwa ina makaa kabla ya utando. Seramiki tupu haiiondoi. Lakini hata bila filta yoyote, maji yaliyokaa wazi saa 24 hadi 48 kwenye pipa huiachia klorini ya kawaida ikatoka yenyewe, na ukitia jiwe la hewa inatoka mapema zaidi. Dawa ya kuondoa klorini kutoka duka la samaki hufanya hivyo hivyo kwa dakika chache. Kuchemsha nako hutoa, ila gesi ya kupikia ina bei, na maji yaliyochemshwa huwa yamepoteza hewa. Yatikise au yapigie pampu kwanza. Tukumbuke tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Maji yetu hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa yenye joto sawa.

*Breki ya pH.* Kanjo: ipo, kidogo. Makaa: inabaki. Jagi: inapungua. RO: inakwisha. Kisima: imejaa tele.

Tuseme tangi lina KH ya digrii 3 na unabadilisha robo kila wiki kwa maji ya RO matupu. Wiki ya kwanza unabaki na 2.25. Wiki ya nne uko chini ya 1. Wiki ya sita uko kwenye nusu, na hapo sijahesabu asidi ambayo bakteria wenyewe huitoa wanapokula amonia, nayo hula KH kila siku. Ndiyo maana maji ya RO hayaui siku ya kwanza. Yanaua mwezi wa pili, wakati umeshawaambia watu wote yanafaa.

*Gharama.* Lita 1,000 za kanjo bei yake haiko mbali na bei ya mtungi mmoja wa lita 20 ukijaza upya kwenye duka la maji. Sina la kuongeza hapo. Ila hayo maduka ya kujaza: usidhani yote ni RO. Mengine yana makaa na UV tu. Chovya kalamu. Ikisoma 10 au 20, ni RO. Ikisoma karibu sawa na bomba la mtaa, umenunua maji ya bomba yaliyochujwa, na kwa samaki hiyo huenda ikawa habari njema.

*Joto.* Julai maji ya pipa lililoko balkoni ni baridi ya kuuma vidole. Gapi na tetra wanataka digrii 24 hadi 26. Birika moja la maji moto kwenye ndoo, kipimajoto ndani, ndipo umwage. Hili halihusiani na filta na nimeona likiua kuliko filta.

Nani achukue yapi

Kama bomba lako ni kanjo na unafuga gapi, moli, samaki wa dhahabu, plati au konokono, usiyaguse maji ya RO. Chukua ya bomba, yapitishe kwenye filta ya makaa ukiwa nayo, au yaweke kwenye pipa siku mbili. Badilisha asilimia 20 hadi 30 kwa wiki. Gapi na moli hasa wanapenda maji magumu kuliko tuliyo nayo, kwa hiyo hata ya kanjo ningeyaongezea: mfuko mdogo wa matumbawe yaliyosagwa ndani ya filta ya tangi, au maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kupondwa. Yanayeyuka pole pole maji yanapoelekea asidi. Pipa lenyewe linunue jipya au lililobeba chakula. Lile la Gikomba la bei ya kutupa, muulize muuzaji lilibeba nini, na akijibu haraka sana liache.

Kama bomba lako ni kisima na unataka neon tetra, beta mwenye mkia mzuri, au kamba wale wadogo wekundu, hapo RO inalipa. Changanya. Hesabu yake ni nyepesi: nusu kisima cha 400 na nusu RO ya 10 hutoa 205 hivi. Sehemu moja ya kisima kwa tatu za RO hukupa karibu 110. KH hushuka kwa uwiano ule ule. Chagua uwiano mmoja, uandike kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa ndoo, na usiubadilishe kwa kuwa leo una haraka. Kwa kuwa kisima chetu hakina kalisi na magnesi ya kutosha, kamba watahitaji nyongeza ya madini kutoka duka la samaki, la sivyo watakwama wanapojivua ganda.

Na kama bomba lako ni kisima na hujali sana ni samaki gani, mbona uyapige vita maji uliyopewa? Siklidi wa Ziwa Tanganyika wanaishi kwenye pH ya kati ya 8.6 na 9.2, katika ziwa lililojaa bikaboneti. Maji ambayo mama wa fleti ya juu anayalaani kwenye chai yake yako karibu na kwao kuliko chochote kinachotoka kwenye mashine ya maelfu ya shilingi. Ongeza chumvi ya Epsom kidogo kwa ajili ya magnesi, weka mawe, basi. Watu huagiza chumvi maalumu kutoka ng'ambo kutengeneza kitu ambacho sisi tunakifungulia bombani.

Wapo wenye RO nyumbani na hawana kingine, kwa mfano ploti ina maji ya lori tu ambayo hawayaamini. Hao wayatumie, lakini wayarudishie uhai kwanza. Kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea, kama gramu 6, katika lita 50 huinua KH kwa digrii 4 hivi. Soda ya kuokea, narudia, wala si magadi ya kulainishia githeri. Magadi yana kaboneti kali na yatairusha pH juu kwa ghafla. Soda hiyo haina kalisi, kwa hiyo konokono bado atahitaji yale maganda ya mayai. Yeyusha kwenye ndoo, usimwage unga tangini.

Maji ya mvua yahesabu kama RO yenye vumbi. Mvua za kwanza baada ya kiangazi huosha mabati na kila kilichotua juu yake, ziache zipite.

Kuna sehemu moja ambapo RO hushinda kwa kila mtu, hata kwa mwenye kanjo: kujazia maji yaliyokauka. Maji yanapopanda hewani huacha madini yote nyuma. Ukijazia kwa ya kisima wiki baada ya wiki bila kutoa chochote, unazidi kukoleza tangi kama mchuzi uliosahauliwa jikoni. Januari na Februari, kiangazi kikikaza, tangi langu la lita 60 lisilo na kifuniko hupungua upana wa vidole viwili kwa wiki. Hapo ndipo mashine ya chini ya sinki inapata kazi yake halali: jagi moja la RO kurudisha maji kwenye alama, na kubadilisha kwenyewe kunabaki kwa maji ya pipa.

Konokono yule alipona. Ganda lake jipya limeota mdomoni, gumu na la kahawia, ila kile kilele cheupe hakirudi. Ndivyo maganda yalivyo.

Na zile wiki ambazo kanjo haijaja, kisima kimeharibika pampu, na kilichobaki nyumbani ni chupa mbili za dispensa za familia? Usibadilishe. Tangi lililokomaa, lenye samaki wachache, huvumilia wiki mbili. Punguza chakula hadi mara moja kwa siku mbili, usilishe kabisa siku ambayo amonia inaonekana kwenye kipimo, acha pampu ya hewa iendelee, na chupa za dispensa ziache kwa ajili ya watoto.